Ngozi Kavu Yenye Chunusi Haihitaji Ukali

Mwezi wa Julai mwaka 2024 nilikaa majuma mawili Kisiba, wilayani Rungwe, nyumbani kwa wakwe zangu. Sisi wa visiwani tukisema "Bara" mara nyingi fikira zetu hazivuki Morogoro, kwa hiyo ni vema nimweleze msomaji kwamba Kisiba iko kusini ya mji wa Tukuyu, katika miteremko inayoelekea Ziwa Nyasa. Jirani na hapo lipo ziwa dogo la volkeno ambalo wengine huliita Kisiba na wengine Masoko, na ukingoni mwake bado limesimama boma walilojenga Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ni nchi ya migomba na mvua. Tukuyu peke yake hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Katika nchi iliyojaa maji kiasi hicho sikutazamia kusikia habari ya ukavu wa kitu chochote, sembuse ngozi ya binadamu.

Siku ya tatu niliuliza ni kwa nini binti wa shemeji yangu, yaani wa dada mkubwa wa mke wangu, hakai na wenzake wakati wa kula. Alikuwa akinisalimu kwa adabu zote, "Shikamoo, baba mdogo," lakini daima akiwa amejitanda kanga mpaka chini ya macho. Kwetu Unguja jambo hilo lisingemshtua mtu. Kule, katika nyumba ya Kikristo, na tena jikoni mbele ya moto, lilikuwa halina maelezo. Mama yake akanijibu kwa sauti ya chini: "Uso umemharibikia, shemeji. Tangu Pasaka haendi kanisani."

Binti huyo ana umri wa miaka 19 na amemaliza kidato cha nne. Mwezi wa Mei aliitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani katika kituo kimoja cha kununulia majani ya chai. Hakwenda. Alisema hawezi kukaa mbele ya watu watatu wakimtazama. Nafasi ile akapewa mwingine, na nyumba ile ikapoteza mshahara ambao tayari ulikuwa umekwisha kupangiwa ada ya wadogo zake wawili. Nalitaja hili mapema kwa ajili ya wale viongozi wenzangu ambao wakisikia neno "chunusi" hutabasamu na kugeuza ukurasa.

Aliposhawishiwa na mama yake mdogo kuufunua uso, nilichokiona kilikuwa mambo mawili yasiyopatana. Kipaji cha uso na taya vilijaa chunusi, nyingine mbichi na nyingine zimeiva. Mashavu na pembe za mdomo zilikuwa zimekauka, zinabambuka magamba membamba, na penye magamba pamechanika mistari. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyekundu na ya kung'aa, kama ngozi iliyopitiwa na maji ya moto.

Watu wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, hudhani chunusi ni ugonjwa wa watu wenye nyuso za mafuta, na kwamba mwenye ngozi kavu amesalimika. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa matatizo yote nitakayoyaeleza. Ngozi ina vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kila siku tunavichanganya: mafuta na maji. Mafuta hutolewa na tezi zilizo ndani, kwenye mashina ya vinyweleo. Maji huzuiwa yasitoroke na tabaka jembamba la juu kabisa, ambalo limejengwa mithili ya ukuta wa matofali, seli zikiwa ndiyo tofali na mafuta ya namna nyingine kabisa yakiwa ndiyo udongo wa kuunganishia. Mtu aweza kuwa na tezi zinazotoa mafuta ya kutosha kuziba vitundu vya vinyweleo, na papo hapo ukuta wake wa juu ukawa umebomoka na unavujisha maji. Huyo atakuwa na chunusi na ukavu kwa pamoja, na wala hakuna ajabu ndani yake.

Chunusi yenyewe huanza chini, mbali na mahali sabuni inapofika. Wakati wa kubalehe tezi huongeza mafuta; seli za ndani ya kitundu hugandamana zikafanya kizibo; vijidudu vinavyoishi ngozini mwa kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo, huongezeka nyuma ya kizibo hicho; na mwili hujibu kwa uvimbe, wekundu na usaha. Hata ile nukta nyeusi inayoonekana juu ya baadhi ya vipele, ambayo mama zetu walitusugua nayo mpaka machozi yakatutoka, haina uchafu. Weusi ule hutokana na rangi ya asili ya ngozi na mafuta yaliyokutana na hewa. Sabuni haiwezi kuuondoa, na aliyepewa chunusi na umri wake hakupewa kwa sababu ya uvivu wa kuoga.

Sasa tazama alivyotendewa binti yetu, kwa nia njema tupu. Kwanza aliambiwa na rafiki zake anawe uso mara nne kwa siku kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Maji ya kule ni ya milimani, sabuni hutoa povu kwa urahisi, na povu jingi likaonekana kuwa ndiyo usafi. Lakini ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na sabuni ya mche ina asili ya magadi. Kila inapopita huyeyusha ule udongo wa kuunganishia tofali, na ngozi huhitaji saa kadhaa kujirudisha katika hali yake. Anawaye mara nne haipi nafasi hiyo. Uso ukaanza kukaza na kupauka. Akashauriwa asipake mafuta yoyote, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayoleta chunusi. Chunusi zilipozidi, akapaka dawa ya meno juu ya kila kipele, kisha ndimu, kisha akasugua kwa dodoki. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na katika mambo ya vita pengine walisema kweli. Usoni mwa binti wa miaka 19 ushauri huo uliunguza nyumba nzima.

Hapo ndipo alipotokea mchuuzi siku ya gulio akiwa na kijiko cha maneno matamu na krimu ndani ya kikasha kisicho na jina la kiwanda linalosomeka. Binti alipaka usiku mmoja, akaamka wekundu umetulia. Wiki moja, chunusi zimelala. Wiki ya pili uso umeanza kuwa mweupe, na wenzake wakamsifu. Mwezi wa pili kikasha kikaisha, na mchuuzi hakuonekana tena. Siku tano baadaye uso ukawaka, na hali aliyokuwa nayo mwanzo ikawa kitu cha kutamaniwa.

Nilizunguka na kikasha hicho mfukoni hadi mjini Mbeya, kwa tabibu mmoja aliyepata mafunzo yake ya ngozi Moshi. Wasiojua wajue kwamba pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kanda cha kufundishia maradhi ya ngozi, na matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika hupelekwa huko kusoma. Hii ni fahari ambayo nchi yetu haiitangazi vya kutosha. Tabibu yule alisikiliza kisa mpaka mwisho bila ya kuandika kitu, kisha akasema, "Mzee, huyu ni wa steroidi. Nawaona kila wiki."

Steroidi ni dawa halali na ya thamani. Mwenye pumu ya ngozi iliyomwakia, akipewa na daktari kwa siku chache, hupata nafuu kubwa. Lakini zile kali, kama klobetasoli na betamethasoni, zikipakwa usoni kwa miezi huilemaza ngozi ikawa nyembamba, mishipa midogo ya damu ikaanza kuonekana, na chunusi mpya zikazuka zinazofanana kama zimepandwa siku moja. Kinachowanasa watu ni kwamba dawa hiyo huondoa wekundu haraka kuliko kitu chochote kingine duniani, ikaonekana imeponya. Na ikiachwa ghafla wekundu hurudi kwa kishindo, mtu akaamini kwamba hawezi kuishi bila ya hiyo krimu. Tena huficha maradhi mengine. Mwenye mashilingi akiipaka, mwasho hupungua huku ugonjwa ukitambaa chini kwa chini. Mwenye baka la ukoma lisilo na hisia hupoteza miezi ambayo angekuwa anatibiwa bila ya malipo.

Wengine hawanunui steroidi peke yake. Hununua mkorogo, na neno lenyewe linajieleza: krimu tatu au nne zilizokorogwa pamoja na mtu ambaye hajui kilichomo ndani ya hata moja. Mara nyingi humo mna hidrokwinoni, ambayo ikitumika kwa miaka huleta weusi wa kibuluu usiotoka, kama walivyoona madaktari wa Afrika Kusini tangu mwaka 1975, na serikali ya huko ikaja kuipiga marufuku katika vipodozi. Mara nyingine mna zebaki. Katika mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapa habari za wagonjwa 60 watu wazima waliovimba miili kwa ugonjwa wa figo. Walipowauliza vema, zaidi ya nusu walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye chumvi ya zebaki. Watu wale hawakumeza kitu. Walipaka tu, na sumu ikapita ngozini ikafika kwenye figo. Ni zaidi ya miaka 50 sasa tangu taarifa ile itoke katika mji tunaoufikia kwa basi, na bado zipo nyumba ambamo krimu za aina hiyo zinakaa juu ya kabati.

Nirudi kwa binti, kwa kuwa ndiye anayenihusu. Tabibu alisema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa dawa: mwezi wa kwanza hakuna dawa ya chunusi ya kupaka. Alimpa vidonge vya kutuliza uvimbe kwa muda uliopangwa, akampangia namna ya kuiacha steroidi, na kwa uso wenyewe akaagiza mambo machache sana. Anawe asubuhi na jioni tu, kwa maji ya uvuguvugu na viganja vya mikono, bila ya dodoki wala kitambaa. Sabuni iwe laini, isiyo na manukato wala maandishi ya "kuua vijidudu", na ikikosekana maji matupu yatosha. Ajikaushe kwa kugusagusa. Kisha, kabla uso haujakauka kabisa, apake kitu cha kuyafungia maji yale ndani.

Kitu gani? Hapa tulitumia muda mrefu, kwa sababu shemeji yangu, aliyekuwa amefuatana nasi, alikuwa na imani yake na mafuta ya kakao, na mimi nilikuwa na imani yangu na nazi. Tabibu akatukatisha tamaa sote wawili. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao ni mazuri kwa miguu, viwiko na mikono iliyopauka, lakini kwa ngozi yenye tabia ya chunusi huziba vitundu. Kinyume chake, mafuta ya mgando, yale ya bei ndogo tunayowapaka watoto, yanayodhaniwa na kila mtu kuwa ndiyo adui, yamechunguzwa na hayakuonekana kuzalisha vizibo vya chunusi. Hukaa juu, yanazuia maji yasitoke, basi. Apake kwa uchache, kiasi cha punje ya harage kwa mashavu yote mawili, na asiyasambaze mpaka kwenye kipaji cha uso akiona yanamletea jasho. Asubuhi atumie glisirini, ila asiipake peke yake. Aizimue kwa maji au aipake juu ya uso ulio majimaji, maana glisirini tupu katika hewa kavu huyavuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Vitu vyote viwili vinapatikana katika duka la Kisiba, na thamani yake kwa pamoja haifikii ile ya kikasha cha mchuuzi.

Akauliza pia juu ya nywele. Binti alikuwa amesuka na kuzipaka mafuta mazito kila siku mbili, na chunusi za kipaji chake zilifuata mstari wa nywele kama mpaka wa shamba. Jambo hili lilikwisha kuandikwa na madaktari wa Marekani mwaka 1970, walipoona vijana weusi wenye vipele vya kipajini kwa sababu ya mafuta ya kichwa yanayoteremka. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Baada ya mwezi, ngozi ikiisha kutulia, ndipo dawa ya chunusi ianze, moja kwa wakati. Alichagua benzoili peroksaidi ya nguvu ya asilimia 2.5. Mimi, kwa tabia zetu za kupenda kikubwa, nikauliza kwa nini asipewe ile ya asilimia 10. Akajibu kwamba uchunguzi ulikwisha kufanywa tangu miaka ya 1980, na ile ndogo ilipunguza chunusi sawasawa na kubwa, huku ikiunguza kidogo zaidi. Kwa mwenye ngozi kavu jibu hilo ni nusu ya tiba. Apake siku moja, aache siku moja, juu ya uso uliokwisha kupakwa kitu cha kulainisha, na akiona ngozi inachubuka arudi nyuma. Tahadhari moja ya nyumbani: dawa hii huondoa rangi ya nguo. Kanga nzuri na mito ya rangi iwekwe mbali nayo. Wapo ambao hufaa zaidi adapaleni au tretinoini za kupaka usiku, ambazo huzuia vizibo visijengeke. Hizo nazo hukausha mwanzoni, huifanya ngozi iogope jua, na hazipakwi na mwanamke mwenye mimba. Ile ya vidonge iitwayo isotretinoini ina nguvu kuliko zote na huharibu mtoto tumboni; hiyo ni ya bingwa peke yake, na anayeiuza kwa kificho anastahili kushtakiwa.

Na muda? Wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumu. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa krimu ya mchuuzi ilileta tofauti kwa usiku mmoja. Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi hukaa zaidi, pengine miezi mingi, hasa katika ngozi zetu. Ni alama za uvimbe uliopita na hufifia zenyewe zikilindwa na jua na vidole. Nimekuja kuamini kwamba wanawake wengi waliotumbukia katika mkorogo hawakutafuta weupe. Walitafuta kuondoa madoa hayo, wakauziwa weupe.

Ndugu zangu wa visiwani wasidhani kwamba nimewapelekea habari za watu wa mbali. Kwetu tunazo sababu zetu. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe, ni magumu, na sabuni haiondoki vizuri ngozini. Huacha utando unaowasha. Anayetawadha mara tano kwa siku huosha uso mara tano, na maji matupu hayana dhara kubwa, lakini uso unaoachwa ukauke kwa upepo wa pwani kila mara hupoteza maji zaidi kuliko uliyopokea. Mwalimu wetu wa chuoni, ambaye hakupata kusoma habari za ngozi, alikuwa na kikopo kidogo kwenye mfuko wa kanzu na kila baada ya sala alijipaka kidogo usoni. Sisi watoto tulimcheka. Yeye alizeeka na uso laini, nasi tukaingia skuli ya serikali na kutoka na mabaka ya mba na chunusi. Ama singo na liwa ya maharusi, sina neno la kuikosoa kwa mwili. Kwa uso wenye vipele vilivyoiva kusugua ni kuvipasua. Na mwenye kupenda nazi asinione nimemsaliti: mwaka 2002 walichapa uchunguzi wa kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea, ambako watu 1,200 walitazamwa na hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi, nao ni watu wa nazi, samaki, viazi na matunda. Lakini nazi ile waliila, na juu ya meza yao hapakuwa na soda wala maandazi ya sukari.

Sasa kwa viongozi wa serikali, wa huku na wa kule. Sheria hatukosi. Bara ilitungwa sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na Zanzibar mwaka 2006. Hidrokwinoni, zebaki na steroidi zimekatazwa katika vipodozi. Tanzania iliridhia mwaka 2020 mkataba wa Minamata juu ya zebaki, na nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kuvushwa mpaka baada ya mwaka 2025. Shida haiko kwenye karatasi. Bara, tangu mwaka 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sasa kikasha cha steroidi kinachouzwa gulioni kama kipodozi ni cha nani? Mkaguzi wa viwango aweza kusema hii ni dawa. Mkaguzi wa dawa aweza kusema hapa si duka la dawa. Mchuuzi haulizi swali hilo, yeye ameshahamia gulio jingine. Zanzibar, wakala mmoja wa chakula na dawa amekabidhiwa vyote, na ni haki kusema kwamba mpango huo una nafuu yake, ingawa majahazi na mabegi ya abiria nayo yana njia zake.

Ninachokiona kinawezekana, bila ya kuongeza hata ofisi moja, ni hiki. Afisa wa afya wa kata, ambaye magulio yote ya eneo lake anayajua kwa siku zake, apewe orodha fupi ya viungo vilivyokatazwa, kwa Kiswahili, na uwezo wa kuzuia mali pale pale bila ya kujali imeandikwa dawa au kipodozi, kisha mashirika mawili yagawane kesi baadaye. Pili, wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, ambao ndio daktari wa kwanza wa vijiji, wafundishwe siku moja tu: kwamba mtu mwenye chunusi asipewe krimu ya steroidi wala vidonge vya kuua vijidudu vya kununua kimoja kimoja, na kwamba benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo ni kitu cha kukaa rafuni. Niliuliza katika maduka matatu kati ya Kisiba na Tukuyu. Moja walikuwa na krimu sita zenye steroidi ndani yake. Benzoili peroksaidi haikuwepo hata kwa mmoja. Ile ya binti yetu ilitoka Mbeya.

Tatu, walimu. Chunusi huja katika miaka ile ile ya sekondari, na nimesikia kwa masikio yangu mwalimu akimwambia mwanafunzi mbele ya darasa kwamba vipele vyake ni vya mawazo machafu. Maneno ya namna hiyo humsukuma mtoto kwa mchuuzi kuliko tangazo lolote.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Shemeji alinipigia simu mara mbili akitaka kujua kama tabibu yule ni wa kweli, kwa sababu uso ulivimba zaidi baada ya kuiacha krimu, kama alivyokwisha kutuonya. Wiki ya tano magamba yalikwisha. Mwisho wa Oktoba binti mwenyewe alipiga simu. Chunusi, alisema, anazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Madoa bado yapo, kanisani anakwenda, na amepeleka barua nyingine ya kuomba kazi. Kisha akauliza kama yale mafuta ya nazi ambayo mama yake mdogo alimpelekea kutoka Unguja anaweza kuyatumia. Nikamwambia ayapake miguuni na mikononi, usoni asiyafikishe. Akacheka, akasema nimechelewa, mama yake alikwisha kuyamalizia kwenye mboga.